Mwenye Mbwa na Jirani Yake Jabalini



Yako mambo ambayo machoni pa watu ni madogo, hata mtu akiyataja kanisani wengine hutabasamu. Walakini makosa mengi ya kila siku, na tena matendo mengi ya upendo, hukaa katika mambo madogo kama hayo. Mwezi huu nataka tulifikiri pamoja jambo moja la namna hiyo, yaani adabu na madaraka ya mtu aendaye na mbwa wake mahali ambapo watu hupanda majabali.

Najua ya kuwa baadhi yenu mtauliza: Jambo hili latupasaje sisi? Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, vijana wengi wa sharika zetu za Kilimanjaro hupata riziki yao kwa kuwaongoza wageni mlimani na kuwachukulia mizigo. Hao husikia kwa wageni habari za nchi nyingine, ambako mtu huenda mlimani na mbwa wake kama sisi tuendavyo shambani na jembe. Nao huuliza kama desturi hiyo ni njema ama mbaya. Sababu ya pili, swali lililomo ndani ya jambo hili si la Ulaya wala la Marekani peke yake. Ni swali la kale, nalo limo katika Torati: Mtu ana madaraka gani kwa tendo la mnyama wake, asiyejua mema wala mabaya?

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe ya kupanda. Watu wengi waupandao Kilimanjaro huenda kwa miguu tu, wakifuata njia, hata wafike kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Lakini wako pia watu wapendao kupanda jabali lenyewe, lisimamalo wima kama ukuta wa nyumba, kwa vidole vya mikono na ncha za miguu. Hao kwa kawaida huenda wawili wawili. Mmoja hujifunga kamba kiunoni akapanda. Mwenzake husimama chini, ameishika kamba ile ile, nayo imepitishwa katika chombo kidogo cha chuma kilichofungwa kiunoni mwake. Huilegeza na kuikaza kadiri mwenzake anavyokwenda. Yule wa juu akiteleza, mshika kamba huizuia, na mwenziwe huning'inia hewani badala ya kuanguka na kufa. Basi uhai wa mtu wa juu umo mikononi mwa mtu wa chini, tena umo katika macho yake na masikio yake. Mshika kamba asiyeangalia ni kama mlinzi aliyelala zamu.

Sasa mfikirini mbwa aliyeletwa mahali hapo akaachwa huru. Amwona bwana wake akipaa ukutani asikoweza kumfuata; hafahamu maana yake, naye aanza kulia na kubweka. Mtu wa juu apaza sauti ili aambiwe kama kamba imeshikwa, wala hasikii jibu kwa sababu ya kelele ile. Mbwa wa mtu mwingine atokea, na wote wawili wapigana miguuni pa mshika kamba. Huyo ageuza uso, ama ainua mguu kuwafukuza, ama aondoa mkono mmoja katika kamba. Kitambo kidogo kama hicho chatosha kumpoteza mtu.

Tena kamba hulazwa chini zikingoja kutumiwa, na mbwa hupita juu yake kwa miguu yenye mchanga. Chembe za mchanga zikiingia katikati ya nyuzi, huzila polepole pasipo kuonekana kwa macho. Ndiyo sababu wapandaji hufundishana wasiikanyage kamba ya mtu. Tena mawe huanguka. Mpandaji aking'oa jiwe bila kukusudia, huwapigia kelele walio chini wapate kujiepusha. Mtu huisikia kelele ile akakimbia. Mbwa huisikia akatazama juu. Sitasema mengi juu ya mikate iliyoliwa na mbwa wa mtu mwingine wakati wenyewe walipokuwa juu, ingawa hiyo nayo ni mali ya jirani.

Lakini tusidhani ya kuwa mbwa hana sifa yo yote mlimani. Katika njia ya juu ipitayo kati ya Uswisi na Italia, mahali paitwapo Mtakatifu Bernard Mkuu, penye urefu wa mita 2,469, iko nyumba ya watawa iliyowapokea wasafiri tangu karne ya 11. Watawa hao walifuga mbwa wakubwa, nao waliwasaidia kutafuta wasafiri waliopotea katika theluji. Mmoja wao aliitwa Barry, aliyezaliwa mwaka 1800 akafa mwaka 1814. Husimuliwa ya kuwa aliokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Bern.

Iko pia habari ya W. A. B. Coolidge, Mwamerika aliyekuwa baadaye kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1868, alipokuwa bado kijana, mwongozaji mmoja mashuhuri wa Uswisi, jina lake Christian Almer, alimpa mbwa jike aitwaye Tschingel. Mbwa huyo alipanda milima mingi ya Alpi pamoja na bwana wake na dada wa mama yake Coolidge, hata mwaka 1875 akafika juu ya Mont Blanc. Husimuliwa ya kuwa barafu na mawe yalimkata nyayo zikatoka damu, wakamshonea viatu vya ngozi, naye hakuvikubali.

Hata Martin Luther alikuwa na mbwa nyumbani mwake, jina lake Tölpel. Siku moja, mezani, alimwona akikitazama kipande cha nyama mkononi mwa bwana wake bila kupepesa macho wala kuwaza neno jingine lo lote, naye Luther alitamani kama angeweza kusali kwa moyo usiogawanyika kama ule. Na katika kitabu cha Tobiti, kilicho katika Apokrifa, twasoma ya kuwa kijana alipotoka kwenda safari na malaika asiyemjua, mbwa alifuatana nao. Basi siandiki kwa kumchukia mbwa. Mungu amempa mwanadamu rafiki huyu, na wako watu wakaao peke yao, wajane na wazee, ambao sauti ya kwanza waisikiayo asubuhi ni ya mbwa wao. Mtu awaambiaye hao, "Ni mbwa tu," hajui asemalo.

Walakini tuangalie tofauti iliyopo. Mbwa wa watawa alitolewa nje kwa ajili ya jirani. Mbwa anayeletwa jabalini siku hizi huletwa kwa ajili ya bwana wake, apate furaha ya kuwa naye. Furaha hiyo si dhambi. Lakini furaha yangu ikikaa mahali ambapo uhai wa mtu mwingine umefungwa kwa kamba, hapo yapasa niulize kwanza gharama yake hulipwa na nani.

Sasa tufike katika Torati. Katika Kutoka mlango wa 21 twaona wenye ng'ombe wawili. Ng'ombe wa kila mmoja ameua mtu kwa pembe zake. Yule wa kwanza hakuwa na sababu ya kujua ya kuwa mnyama wake ni mkali. Huyo hupotewa na ng'ombe, bali yeye mwenyewe hahukumiwi. Yule wa pili alijua, watu walikuwa wamemwambia, naye hakumfunga. Huyo ahesabiwa damu. Kisha, katika mlango ule ule, yuko mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, na mnyama wa jirani akatumbukia. Hakumsukuma mnyama yule, labda wakati ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Hata hivyo ni lazima alipe. Na katika mlango wa 22 yuko mtu ambaye mnyama wake ameingia katika shamba la mwingine akala. Naye hulipa kwa mazao yaliyo mema ya shamba lake mwenyewe.

Hapo mwenye mbwa atasema: "Mimi ni yule wa kwanza. Mbwa wangu hajamwuma mtu kamwe. Sikuonywa na mtu ye yote." Neno hili husikika kila mahali penye mbwa, nami nataka tulipime kwa haki, maana mara nyingi asemaye hasemi uwongo. Nyumbani kwake mbwa ni mpole kweli. Lakini jabalini si nyumbani. Pana wageni, kelele, kamba zinazotambaa kama nyoka, mbwa wengine, na bwana wake amemwacha chini na kupaa. Katika hali hiyo mwenyewe hajamjua mbwa wake bado. Kusema "hajauma kamwe" ni kutoa ushuhuda wa mahali pengine.

Tena, hata kama hatujui kwamba mbwa huyu huuma, yako mambo tunayoyajua juu ya mbwa wote bila kuonywa na mtu: hubweka akiachwa, hukimbiza kikimbiacho, huenda haja anapotaka, hunusa chakula cha watu. Hayo ni kama shimo. Mchimba shimo hawezi kusema, "Sikujua ya kuwa shimo hili humeza." Ndiyo kazi ya shimo. Basi katika mambo ya tabia ya mbwa, kila mwenye mbwa amekwisha kuonywa tangu siku alipomchukua nyumbani, naye ni yule mtu wa pili wa Torati.

Na hilo ndilo jambo moja nitakalo mlishike katika maneno haya yote. Mbwa hana dhamiri. Hawezi kujiuliza kama anamsumbua mtu, wala hawezi kuona haya kesho yake. Mwanadamu amempeleka mahali ambapo dhamiri yahitajiwa, naye hana. Basi dhamiri ya bwana wake haina budi kufanya kazi ya wawili: yampasa aone kwa macho ya watu wote waliopo, asikie kwa masikio yao, na kumwamulia mbwa lile ambalo mbwa hawezi kujiamulia. Asiyekuwa tayari kuifanya kazi hiyo siku nzima, na amwache mbwa nyumbani.

Tukiisha kukubali hayo, sharti tuulize: Jirani ni nani mahali hapo? Naona watano.

Jirani wa kwanza ni mshika kamba na yule aliye juu yake, nao nimekwisha kuwataja.

Wa pili ni mtu mwenye hofu. Wengi wetu tuliokulia Afrika twajua ya kuwa hofu ya mbwa si upumbavu. Kichaa cha mbwa huua watu maelfu kwa maelfu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja mwaka 1885 iko dawa ya kumwokoa aliyeumwa, akiiwahi. Lakini dalili zikiisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto aliyeona kifo cha namna hiyo kijijini kwao hatapoa moyo kwa kuambiwa, "Haumi, anacheza tu." Tena mwenzetu Mwislamu, akifuata madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wa pwani yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, naye hana budi kuosha mara saba paliponajisika. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho mlango wa 8, alikuwa na haki ya kula nyama, naye alikuwa tayari kuiacha maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Hakusema, "Hofu yao ni ya bure, na waizoee." Naye alikuwa akisema habari za chakula, sisi twasema habari za mnyama mwenye meno.

Wa tatu ni mfugaji na mwenye nchi. Huko Uingereza majabali mengi yamo katika malisho ya kondoo. Mbwa akimfukuza kondoo mwenye mimba, hata asipomgusa kwa jino, kondoo huyo aweza kuharibu mimba kwa sababu ya mashaka. Kwa hiyo sheria yao ya mwaka 1953 humtia hatiani mwenye mbwa asumbuaye mifugo. Na katika nchi iliyofunguliwa kwa watembea kwa miguu kwa sheria ya mwaka 2000, mbwa hana budi kufungwa kamba isiyozidi mita 2 tangu tarehe 1 Machi hata 31 Julai, kwa ajili ya ndege watagao chini, na wakati wo wote akiwa karibu na mifugo. Tena kinyesi cha mbwa kikiachwa malishoni chaweza kuwa na vijidudu viitwavyo Neospora, navyo huwafanya ng'ombe kuharibu mimba. Huku kwetu, kati ya wafugaji wa Turkana na Wamasai, yajulikana madhara ya tegu la mbwa: mayai yake hutoka katika kinyesi, na mtu akiyameza, mafuko ya maji humea katika ini lake ama mapafu yake. Basi mtu akichukua mfuko na kuzoa kinyesi cha mbwa wake, asione haya kana kwamba ni kazi ya utumwa. Huo ni utii wa amri ya tano na ya saba, tukizifahamu kama Luther alivyotufundisha katika Katekisimo Ndogo, ya kuwa haitoshi kutomdhuru jirani, bali yapasa kumsaidia na kuilinda mali yake.

Jirani wa nne ni wanyama wa mwituni. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walipatwa na ugonjwa ujulikanao kwa mbwa wa nyumbani, na karibu theluthi yao, kama simba 1,000, wakafa. Wataalamu waliona ya kuwa ugonjwa huo ulitoka katika mbwa wa vijiji. Katika milima ya Bale, huko Ethiopia, yuko mbwa-mwitu mwekundu asiyepatikana katika nchi nyingine yo yote. Waliobaki ni mia chache tu, na mara kwa mara kichaa kitokacho kwa mbwa wa watu huwapunguza tena. Hao hawakuweza kukataa wala kukimbia. Kwa hiyo katika hifadhi za taifa za Tanzania, na Kilimanjaro kati yake tangu ilipofanywa hifadhi mwaka 1973, mgeni haruhusiwi kuingia na mbwa wake. Vijana wetu waongozaji wakiulizwa na mgeni kwa nini, wasijibu tu, "Ndiyo amri." Wamweleze habari ya simba wa Serengeti, naye atafahamu. Na Marekani nako kuna amri zake. Katika hifadhi ya Joshua Tree, huko California, ambayo wapanda majabali huipenda sana, mbwa hufungwa kamba isiyozidi futi 6, wala haruhusiwi kwenda zaidi ya futi 100 kutoka barabarani, ama mahali pa kulia chakula, ama penye mahema. Maana yake ni kwamba majabali mengi hawezi kuyafikia kabisa.

Jirani wa tano, mkipenda kumwita hivyo, ni mbwa mwenyewe. Mithali mlango wa 12 yatufundisha ya kuwa mtu wa haki huangalia hali ya mnyama wake. Mawe yaliyopigwa na jua huchoma nyayo. Kivuli cha asubuhi huhama, na mbwa aliyefungwa hawezi kuhama nacho. Maji yaliyotosha mtu mmoja hayawatoshi wawili. Mwenye kumfunga mbwa chini ya jabali na kupanda saa nyingi, akidhani amempeleka matembezini, amempeleka kifungoni. Na mtu asimfunge mbwa kiunoni mwa mshika kamba, wala mahali ambapo mawe huangukia.

Huenda mtu akasema: "Mlima ni wa Mungu, hauna mwenyewe, nani atanizuia?" Ni kweli ya kuwa mlima ni wa Mungu. Kwa sababu hiyo sisi sote tuliopo hapo ni wageni katika nyumba ya Bwana mmoja, na mgeni hamleti mwingine bila kuuliza. Mwingine atasema: "Mkristo ni mtu huru; msitutwike kanuni." Naam, Luther aliandika kitabu juu ya uhuru wa Mkristo mwaka 1520. Lakini asomaye kitabu hicho hata mwisho aona ya kuwa uhuru ule ambao imani hutupa, upendo huutoa tena kwa hiari uwe utumishi kwa jirani. Anayeuliza tu, "Naruhusiwa?" bado yuko chini ya sheria. Yuko mahali ambapo hakuna amri wala mlinzi, na hapo ndipo upendo waonekana kama upo.

Ugumu mkubwa nauona katika jambo hili: ni nani atakayepima kama mbwa anasumbua? Mwenyewe hawezi kuwa mwamuzi mwema, kwa kuwa ampenda. Kubweka kwa mbwa wake kwake ni kama mazungumzo. Kwa mwingine ni kelele. Basi apime jirani. Ndiyo sababu adabu ya kwanza katika jambo hili ni kuuliza, tena kuuliza kabla ya safari, si baada ya kufika. Mtu akishuka garini na mbwa wake kisha akawaambia wenzake, "Nadhani hamna neno," hajauliza. Wao wamekwisha kutoka mbali, hawataki kuiharibu siku, nao watajibu kwa midomo, "Haidhuru." Swali lisiloweza kujibiwa "hapana" si swali. Bali aulize siku mbili kabla, wakati ambapo mbwa aweza bado kuachwa kwa rafiki, na tena aseme wazi: "Mmoja wenu akiwa hapendi, nitamwacha, wala sitamwuliza sababu." Na akikataliwa, asinune. Kununa ni kumtoza jirani faini kwa kusema kweli.

Akiisha kukubaliwa, mengine hayana ugumu. Afike amejua amri za mahali pale. Mbwa afungwe kamba na kuwekwa mbali na kamba za wapandaji na njia ya mawe. Mtu mmoja, asiyepanda wala kushika kamba, akae naye daima. Wakija wengine waliokuwa hawakuulizwa, hao nao waulizwe. Mbwa awe amechanjwa. Kinyesi kichukuliwe hata mahali pa kukitupa. Na mbwa akianza kubweka asinyamaze, siku hiyo kwake imekwisha, na kwa bwana wake pia. Arudi naye nyumbani bila kulalamika.

Nao wasio na mbwa wana wajibu wao. Si haki kumpiga mbwa wa watu kwa jiwe, wala kumsengenya mwenyewe njia nzima ya kurudi, ilhali hukumwambia neno alipokuwa mbele yako. Bwana wetu, katika Mathayo mlango wa 18, ametuonyesha njia: mwendee peke yake kwanza. Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, mbwa wako ananiogofya," ama, "Siwezi kushika kamba vema akiwa hapa." Mara nyingi mtu hakujua, naye atashukuru. Na ikiwa alijua asijali, sasa ameonywa, na Torati imekwisha kusema hali ya mtu aliyeonywa.

Ninyi walimu wa sharika, mkiyasoma haya pamoja na wakristo, msiyaache huko Uswisi na Uingereza. Hapa kwetu kila mwenye mbwa aulize: Je, mbwa wangu amechanjwa, wakati mabwana mifugo walipokuja kijijini, ama nilisema nina kazi? Usiku huenda wapi? Watoto waendao shule hupita mbali na mlango wangu kwa sababu gani? Jumapili anifuatapo kanisani na kulala mlangoni, je, yuko mjane mzee anayesimama nje kwa kuwa anaogopa kumruka? Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingojee dalili. Na mwenye mbwa asimfiche mnyama wala kukana ya kuwa ni wake, bali yeye mwenyewe afuatane na yule aliyeumwa, alipe gharama, na kusema kweli yote kwa mganga. Maana uhai wa mtu waweza kutegemea kweli hiyo.

Mungu alipowaweka wanyama chini ya mkono wa mwanadamu, alimpa heshima pamoja na mzigo, na mtu hawezi kuipokea heshima akauacha mzigo njiani uchukuliwe na jirani. Basi ampendaye mbwa na ampende vema, pamoja na watu wote ambao mbwa wake atakutana nao. Bwana atupe macho ya kuwaona. Amina.